Kutoka Ziwani Hadi Uwanja wa Ndege: Mwongozo Kamili wa Kupanda Njia ya Lava kwa Miguu, Goma

Wageni wengi wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, hutembezwa kwa gari. Wanaoneshwa ziwa kupitia dirishani, wanapiga picha kwenye Rond-point Tchukudu, mbele ya sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kisha wanarudishwa hotelini. Mimi nakuomba uliache gari. Mji huu unasomwa kwa nyayo, kwa kuwa habari yake kubwa iko chini ya nyayo.

Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa volkano ya Nyiragongo ulipasuka. Nyufa zikafunguka kuelekea kusini hadi karibu na kijiji cha Munigi, lava ikatoka, ikafunika theluthi ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikateremka katikati ya mji, ikalimeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na usiku ikaingia Ziwa Kivu. Matembezi ninayokueleza hapa yanafuata mto huo wa moto, lakini tunaupanda badala ya kuuteremka: tunaanzia majini ulikozimika, tunapita kwenye gofu la kanisa, tunaishia kandokando ya uwanja wa ndege. Ni kilomita nne au tano ukihesabu na kuzungukazunguka. Tenga saa tatu, nne ukienda na watoto au na mzee.

Wapo wanaopenda kuanzia juu ili washuke kwa urahisi. Sikubaliani nao. Mteremko wenyewe ni mdogo, hautakuchosha. Ukianzia ziwani unakutana kwanza na jiwe baridi linalolambwa na mawimbi, kisha unatembea ukilifuata hadi lilikotoka, na mlima unakuwa mbele ya macho yako muda wote. Ukianzia juu unaupa mlima mgongo, na ziwa likishatokea mbele mtu hatazami tena chini.

Kabla ya kutoka nyumbani

Mwishoni mwa Januari 2025, baada ya mapigano makali, mji uliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 na uwanja wa ndege ukafungwa. Kwa hiyo usitoke na habari za wiki iliyopita. Asubuhi hiyohiyo uliza watu watatu tofauti: mwenye nyumba unakolala, motari (dereva wa pikipiki ya abiria) anayesimama karibu, na mama anayeuza mandazi barabarani. Mama wa mandazi ametoka nyumbani gizani na amepita mitaa mingi kabla yako. Akikwambia "leo usipite kule," usipite.

Ulizia pia rangi ya volkano. Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kinachochunguza volkano, ambacho sote tunakiita OVG, hutangaza hali kwa rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Wenyeji tumezoea kuishi na njano. Ikipanda hadi chungwa, ahirisha.

Beba kitambulisho: kadi ya mpiga kura kama wewe ni Mkongomani, na kama ni mgeni, pasipoti pamoja na nakala yake. Beba franka za noti ndogondogo, maana kwenye vibanda hakuna atakayekuvunjia dola, na dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Usinywe maji ya ziwa wala ya bomba usilolijua. Kipindupindu kimekaa Goma miaka mingi na hakichagui. Mkate na kipande cha jibini ya Masisi vinatosha kwa tumbo. Jibini hiyo haiharibiki upesi, na kuila ukiwa umekaa juu ya jiwe la volkano, huku mlima uko mbele yako, ni raha ambayo nisingependa uikose.

Sasa viatu. Hapa sitanii: usije na sandali wala viatu vya soli nyembamba. Makoro, ndivyo tunavyoyaita mawe haya, yana makali kama ya chupa iliyovunjika. Mwaka juzi niliteleza pamoja na binamu yangu, nikaegemea mkono kidogo tu, nikaondoka na mkwaruzo kuanzia kiganjani hadi kwenye kifundo. Soli nene, soksi, suruali ndefu, na kitambaa cha kujifunika pua wakati wa kiangazi, kwa sababu vumbi jeusi la hapa linaingia mpaka kwenye meno.

Saa ya kuanza

Mlima hujionyesha asubuhi. Kufikia saa nne mawingu mara nyingi yameshakifunika kilele chake cha mita 3,470, na katika majira ya mvua mchana huleta radi. Kwa hiyo toka mapema, ila usitoke gizani: anza saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa limeshika. Sababu ya kukukataza kutoka gizani ni mazuku, na hapa nataka usome polepole.

Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia mashimoni, kwenye mabonde madogo na katika mipasuko ya lava, kama maji yanavyotulia kwenye beseni. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inajaa. Jua likipanda na upepo ukianza, hupungua, lakini katika shimo refu inaweza kukaa mchana kutwa. Wazee wetu waliijua kabla ya wataalamu kuja kuipima. Neno mazuku ni lao, na maana yake ni upepo mbaya. Inaua mbuzi, inaua mbwa, na imeua watu.

Sehemu zenye sifa mbaya ziko magharibi: Himbi, Kyeshero, Lac Vert, Bulengo, Mugunga. Njia yetu inapita katikati ya mji, ambako watu ni wengi na pako wazi zaidi. Hata hivyo shika kanuni hizi popote kwenye lava. Usishuke kwenye shimo kuona kuna nini. Usiinamishe kichwa shimoni kuokota kitu. Ukiona nyasi zimekauka mahali pamoja tu huku za jirani ni kijani, au ukiona ndege, mijusi na wadudu waliokufa wakiwa wamelala pamoja, rudi nyuma upande ulio juu. Mtoto ashikwe mkono, kwa sababu kimo chake kinamweka ndani ya gesi wakati wewe kichwa chako kiko juu yake. Na mtu akianguka shimoni, usimkimbilie. Wengi wamekufa wakimfuata wa kwanza. Piga kelele watu waje, tafuteni kamba au mti mrefu, mvuteni mkiwa juu.

Hatua ya kwanza: bandarini, chini ya Mont Goma

Mwambie motari akushushe karibu na bandari. Kilima kilichosimama hapo kando ya maji ni Mont Goma, nacho ni volkano ndogo ya zamani. Bandari imejificha ubavuni mwake. Asubuhi utakuta mabeseni ya sambaza yakishuka kutoka kwenye mitumbwi, samaki wadogo weupe wanaong'aa kama vijiko. Si wenyeji wa Kivu hao. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo sijui tungekula nini bila wao. Salimia kwanza: "Jambo mama, habari ya kazi?" Kisha ndipo uulize bei, hata kama huna nia ya kununua. Simu ibaki mfukoni. Bandari hailengwi na kamera.

Tazama maji. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinapita mita 470. Chini kabisa kumelala gesi nyingi sana, kaboni dioksidi na methani, zimekandamizwa na uzito wa maji. Lava ilipoingia mwaka 2002 watu walihofu kwamba ziwa litalipuka. Halikulipuka. Lava ilizimika kwenye maji ya juu, gesi ilikuwa imelala chini zaidi.

Kutoka bandarini fuata barabara ya kando ya ziwa, ndani ya kartie (mtaa) Les Volcans. Nikwambie ukweli unaoniuma: ufuo wa Goma karibu wote umezungushiwa kuta. Mtoto aliyezaliwa mtaa wa Birere anaweza kukua bila kukaa kando ya ziwa lililo dakika ishirini na tano kutoka kwao. Kwa hiyo kuligusa jiwe pale linapokutana na maji, ingia katika mojawapo ya sehemu za kunywea zilizo ufuoni, agiza chai au soda, kisha omba kwa adabu ushuke hadi majini. Sijawahi kukataliwa.

Ukifika, chuchumaa pale palipo wazi penye upepo, uangalie jiwe moja kwa utulivu. Upande wa juu lina mikunjo kama kamba iliyosokotwa, au kama ngozi ya maziwa yaliyochemka ukiivuta kwa kijiko. Ligeuze: chini ni matundu, mamia, mengine yatosha kichwa cha kiberiti tu, mengine yanameza kidole. Hayo ni mapovu ya gesi yaliyogandia njiani. Lielekeze kwenye jua uone linavyometa. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, inatiririka kama uji mwembamba. Mwaka 1977, ilipomwagika kwa ghafla tarehe 10 Januari, iliwafikia watu wa vijiji vya juu kabla hawajapata pa kukimbilia. Ile ya 2002 ilipofika mjini ilikuwa imepunguza mwendo, na ndiyo maana wengi walipata kutembea mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wakiwa na magodoro kichwani.

Usiogelee hapo. Ukingo wa lava unaporomoka wima chini ya maji, na hakuna pa kukanyaga.

Hatua ya pili: kupanda kuelekea katikati ya mji

Geuka, ziwa liwe mgongoni. Katika mwendo huu kazi yako ni moja: angalia madirisha. Lava ilijaa katika mitaa hii hadi mita mbili na zaidi, na watu walirudi wakajenga juu yake. Tafuta jengo la zamani ambalo dirisha lake liko kwenye goti lako. Tafuta mlango ambao juu yake pamebaki upenyo wa kuingia paka. Orofa ya chini imekuwa msingi, na orofa ya kwanza imekuwa duka la vocha. Kuta nyingi mpya zimejengwa kwa makoro hayohayo yaliyobomoa zile za zamani, yamechongwa kwa nyundo moja moja. Ukisikia ko-ko-ko nyuma ya uzio, ni fundi anachonga. Simama umsalimu. Akiwa na nafasi atakuonyesha jinsi jiwe linavyopasuka likipigwa mahali pake.

Hatua ya tatu: Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu

Mwulize yeyote "cathédrale ya zamani," utaelekezwa. Usitegemee kukuta kila kitu kama kilivyo katika picha za miaka ile, maana ujenzi na miaka vimebadilisha eneo. Na usije kama mtalii anayekwenda kuona gofu la kupendeza. Kwa sisi tuliobatizwa hapa, mimi nikiwa mmoja wao, hapa ni mahali pa ibada palipojeruhiwa.

Namna ya kuingia ni hii. Kama kuna mlinzi, mfuate kwanza yeye kabla ya kuangalia chochote. "Jambo papa. Naomba ruhusa niangalie kanisa kidogo." Vua kofia. Usimpe noti kabla ya kuongea. Salamu ndiyo inayofungua lango, na shukrani inakuja wakati wa kuondoka. Mara ya mwisho nilipokwenda, mzee aliyekuwa langoni alinitazama viatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaniongoza hadi kwenye ukuta, akaweka kiganja chake juu ya jiwe karibu na kiuno.

"Hapa ndipo ilipofika. Wewe sasa umesimama juu ya mabenchi."

Nilikuwa nimefika hapo mara nyingi, lakini sikuwahi kulifikiria hivyo. Lava haikulisukuma kanisa likaanguka. Iliingia milangoni, ikapanda ndani taratibu, ikateketeza kila cha mbao, na paa halikusalimika. Kuta zikabaki zimesimama zikiuzunguka mwamba mweusi, kama sufuria iliyoachiwa ukoko.

Ukiwa hapo angalia mambo matatu. Kwanza, mahali lava inapogusana na ukuta: utaona jiwe limechukua umbo la ukuta kama nta inavyochukua umbo la kidole. Pili, mimea: kangaga ndogo na kuvumwani ya kijivu inayoshika mawe vilitangulia kuota, kisha nyasi, kisha miti. Volkano inaua shamba, lakini baada ya miaka mingi inatengeneza udongo unaotulisha. Tatu, mstari wa mlima. Simama mahali ambapo unaona kilele upande wa kaskazini, kisha geuka kusini ulitafute ziwa. Uko katikati ya njia ya lava.

Usipande juu ya kuta, hazina kinachozishikilia. Usiondoke na jiwe. Nje kuna makoro ya kutosha. Kama misa au sala inaendelea karibu, kaa kimya hadi iishe.

Mama yangu mdogo alirudi Goma siku chache tu baada ya lava, kama maelfu wengine. Aliukuta mtaa wake uko ng'ambo ya mwamba ambao bado ulikuwa ukitoa joto. Akavuka. Kandambili zake ziliyeyuka chini, akamalizia kwa kuruka kutoka ubao hadi ubao ambao vijana walikuwa wameutandika. Alitaka kujua kama kanisa lipo. Kila ninapompeleka mtu hapa nampigia simu, na kila mara ananiuliza swali lilelile: "Kuta bado zimesimama?"

Hatua ya nne: Boulevard Kanyamuhanga na Birere

Toka kanisani, shika Boulevard Kanyamuhanga, kisha ulizia Birere. Hapa utulivu unaisha. Simu na pesa viwe mfuko wa mbele. Na jifunze haraka sheria ya chukudu: inayoteremka ina mzigo wa magunia ya makala au viazi, imetengenezwa kwa mti wa mkaratusi, na breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagiwa gurudumu la nyuma. Mwenye chukudu akipaza sauti, mpishe upande wa mtaro. Yeye hawezi kukukwepa.

Birere imeshikana na mwisho wa kusini wa uwanja wa ndege. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia yake na kuingia katika soko na nyumba za hapa. Wengi waliokufa walikuwa chini, si ndani ya ndege. Unapotembea kati ya meza za nyanya na vitenge, pima kwa macho nafasi iliyopo kati ya uzio na nyumba ya kwanza. Ukishaipima, hutahitaji kuelezwa zaidi.

Hatua ya tano: kando ya uwanja wa ndege

Shika barabara ya Rutshuru, inayopanda kaskazini ukiwa na uwanja upande wa kulia. Njia ya kurukia ni moja tu, na ilijengwa iwe ya kilomita tatu. Baada ya lava ya 2002 zilibaki kama mbili zinazotumika, na kwa miaka mingi ndege zilitua na kuruka huku ukuta mweusi uko upande wa mlima.

Hapa kamera haitoki. Hata kwa mlima. Mimi niliwahi kupiga picha ya wingu lililokaa juu ya kilele kama kofia, nikasahau kuwa uzio umeingia pembeni. Simu ilichukuliwa, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa nne hadi saa tisa, nikarudishiwa baada ya picha zote za siku hiyo kufutwa, pamoja na za mpwa wangu aliyezaliwa wiki hiyo. Usisimame muda mrefu ukitazama ndani, usiegemee uzio, usinyooshe kidole. Tembea, angalia kwa jicho la kawaida. Ukiambiwa urudi, sema "asante papa" na urudi bila kubishana. Matembezi hayapungui kitu kwa kuishia mita mia mbili kabla.

Kinachofaa kuangaliwa kiko upande wa pili wa barabara vilevile: nyumba za mbao zilizosimama juu ya lava yenyewe. Mbao, kwa sababu ni nyepesi, na kwa sababu kuchimba msingi katika mwamba huu kunahitaji pesa. Choo pia ni tatizo hilohilo, na ndiyo sababu mojawapo kipindupindu hakituachi. Angalia jinsi ardhi inavyoinuka ghafla, jinsi kijia kinavyopanda kwa ngazi zilizochongwa kwenye jiwe. Hapo umefika kwenye mwili wa mto wa moto.

Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena upande huu. Iliteketeza nyumba nyingi kaskazini mwa mji, ikasimama kabla ya kuufikia uwanja. Usipande kwenda kuitafuta bila mwenyeji wa huko na bila kuuliza hali ya usalama. Mimi naishia hapa na kila mtu, hata na ndugu zangu.

Kurudi

Chukua motari, kubaliana bei kabla ya kupanda, na omba kofia ngumu. Ukirudi upande wa ziwa tafuta sambaza za kukaanga: zile zinazotoka kwenye mafuta muda huohuo, zinazovunjika mdomoni pamoja na kichwa, kwa ndimu na pilipili. Zilizopoa zikirudishwa kwenye mafuta zinakuwa ngumu, zikatae bila aibu.

Nyumbani usiingie ndani na viatu. Vigongeshe nje, soli kwa soli, kisha toa punje za lava kwenye mifereji ya soli kwa ncha ya msumari. Ukiziacha zitachana zulia na nyayo za watoto. Soksi zigeuze ndani nje kabla ya kuzifua. Halafu kesho yake asubuhi msalimie yule mama wa mandazi, umwambie njia ilikuwaje, maana kuna mwingine atakayemuuliza.